Mwonjaji Aliyeishia Theluthi ya Kwanza

Sitasema alizaliwa wapi, wala baba yake aliitwa nani. Kuna wakati hapa Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, maswali hayo mawili yaliulizwa mlango kwa mlango, na majibu yake yakawatoa watu katika nyumba walizozijenga, kwa hiyo mimi siyaulizi tena juu ya mtu yeyote. Nitasema alichokuwa akifanya. Alikuwa mwonjaji wa sigari katika klabu ya wahandisi wa mgodi, na katika maisha yangu sijaona mtu mwingine aliyeijua kazi yake kwa kiasi kile.

Sigari ni ile nene, iliyokunjwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi, ambayo wakubwa walivuta kwenye baraza baada ya chakula. Klabu ilizinunua kwa masanduku. Mimi nilikuwa karani wa depo, yaani stoo ya klabu, mwanamke mwenye watoto watatu na mdomo usiojua kunyamaza, na kwa miaka kumi na moja meza yangu ilitazamana na yake. Mwishoni aliniachia sanduku lake mwenyewe nilitunze hadi atakaporudi. Miaka mingi niliishi nikimngoja kwa hamu na kuogopa siku atakayofika, yote mawili kwa pamoja, na sababu ya kuogopa nitaifikia.

Nilijuana naye kwa kosa. Wiki ya kwanza kazini nilipokea masanduku manne mapya, na kwa kuwa rafu zilijaa niliyapanga kwenye chumba cha vyakula, karibu na makayabo, yaani samaki wa chumvi. Yakalala huko Jumamosi na Jumapili. Jumatatu akafungua la kwanza, akainamisha uso, akalifunga polepole kama mtu anayefunga mlango wa mgonjwa.

"Nani alilalisha hii bintu pembeni ya makayabo?"

"Ni mi, tata."

Nilijua nimefukuzwa. Akasogeza kiti.

"Bon. Kuya hapa. Nusa. Tumbaku inabeba harufu ya fasi inalala. Leo utanusa, kesho utanusa, keshokutwa utanusa, mpaka utaona aibu wewe mwenyewe bila mi kukusemesha."

Siku tatu nilinusa. Siku ya nne niliona aibu kweli, na niliweza pia kutofautisha sanduku lililokaa karibu zaidi na samaki na lile la pembeni. Kwenye daftari la klabu aliandika kwamba kosa ni lake. Nilipomuuliza kwa nini, alisema karani mpya anafundishwa mara moja tu, na karani wa kumbadilisha angekuja na makosa mengine asiyoyajua. Hivyo ndivyo alivyokuwa: hata wema wake aliupa sababu ya kikazi, ili mtu asimshukuru sana.

Alikuwa na njia yake na hakuibadilisha. Alisukutua mdomo kwa chai baridi isiyo na sukari, akatafuna kipande cha bukari, yaani ugali, ya jana isiyo na mboga, akangoja. Kisha aliichukua sigari kwa kidole gumba na vidole viwili, akaibonyeza kidogo kidogo kutoka mguuni, upande unaowashwa, hadi kichwani, sikio likiwa karibu. Ikilia kama majani ya kiangazi, imekauka. Ikinyamaza na kubaki na alama ya kidole, imelowa. Iliyo sawa hurudi yenyewe, bila haraka. Alitazama mishipa ya jani la juu, akanusa mguu, akakata kichwa kidogo, akavuta hewa kabla ya kuwasha, kwa kuwa alisema sigari inayokataa pumzi ikiwa baridi haitaikubali ikiwa moto. Ndipo aliwasha kijiti cha mwerezi na kuupasha joto mguu wake kwa mbali, akiizungusha, moto usiiguse. Ubahili wake wa viberiti ulijulikana klabu nzima. Kiberiti kimoja, sigari moja. Kikizimika alikirudisha kwenye boksi na kukitazama kwa lawama.

Hukumu zake zilikuwa nne tu. Iko hai. Imekasirika, yaani tumbaku bado mbichi, inachoma pua na ulimi. Imelala, yaani ni nzuri ila inahitaji miaka. Na imekufa.

Wahandisi walikuwa na kijitabu chao chenye maneno ya kusifia, walitaja matunda ya kwao na ngozi ya viti vya magari. Yeye alisema hajawahi kulamba kiti cha gari. Sigari njema kwake ilikuwa na harufu ya kichuguu baada ya mvua ya kwanza, au karanga zilizokaangwa kwenye kikaango cha udongo, au asali ya porini inayotoka Sandoa ikiwa bado na moshi ndani yake. Mwanzoni mabwana walicheka. Baadaye nilimsikia mmoja wao, mzungu mwenye masharubu, akimwambia mgeni wake kwa uzito mkubwa kwamba hii ni kichuguu, mvua ya kwanza.

Jambo lililomshangaza kila mtu ni kwamba alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa lenyewe la Kiprotestanti, linalokataza pombe na moshi, na yeye akiimba sauti ya chini kila Jumatano kwa shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Hadithi ya namna alivyoruhusiwa alinisimulia mara nyingi, kila mara kwa furaha ileile. Wazee wenzake walimwita, mchungaji akiwa katikati.

"Tata, banatuambia unavuta."

"Mi shivute. Mi naonja."

"Tofauti iko wapi?"

"Ule anavuta anataka iendelee. Mi nataka tu kujua, kisha naacha."

"Unaacha wapi?"

Hapo, alisema, jasho lilimtoka, maana hakuwa amelifikiria. Akaikata sigari hewani kwa kidole mara mbili, vipande vitatu, kisha akaonyesha kipande cha kwanza. Wazee walishauriana kwa muda mrefu kuliko walivyoshauriana juu ya paa la kanisa. Wakakubali: theluthi ya kwanza ni kazi, iliyobaki ni dhambi. Alitoa ahadi mbele yao, mkono juu, na tangu siku ile hakuvuka mpaka huo. Nilimwona akiizima sigari ambayo macho yake yalikuwa yakiililia. Ilibidi ajifunze kuhukumu safari nzima kwa theluthi moja, na nadhani ndiyo maana alikuwa hodari hivyo. Vipande vilivyobaki alivipeleka nyumbani, akavilowesha kwenye ndoo, na maji yake akanyunyizia kabichi. Hakuna mdudu aliyethubutu kugusa kabichi zile, na kuna siku nilimwambia anakula sigari za wahandisi kwa mlango wa nyuma. Alicheka hadi akashika meza.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Kwa mambo mengine alikuwa mwongo wa kutegemewa. Kwaya ikiimba nje ya sauti, alisema imeimba vizuri. Mkewe alikuwa mkarimu lakini chumvi aliitia kwa mkono usiojua kipimo, na yeye alimsifia kila sahani hadi akafa akiamini ndiye mpishi bora wa mtaa. Niliposhona gauni la kijani ambalo hata mimi nililijutia, aliniambia nimependeza kabisa. Aliogopa mbwa, hata watoto wa mbwa, akazunguka mtaa mzima kuwakwepa na kudai ananyoosha miguu. Ila ukimwekea tumbaku mbele, uongo wote ulimtoka.

Kuna jioni mkuu wa wahandisi aliporudi kutoka safari na sanduku alilolibeba mapajani njia nzima. Akawaita wageni, akamwita mwonjaji mbele yao. Mimi nilikuwa mlangoni na orodha ya vinywaji. Mzee akafanya yake yote bila kupunguza hatua, watu wakingoja na glasi mkononi. Akavuta, akatoa moshi, akavuta tena. Akatazama jivu.

"Alors?" akauliza mkuu, tayari akitabasamu.

"Imekufa, shefu."

Mkuu akasema sanduku hilo limetoka kwa muuzaji anayewauzia marais. Mzee akajibu kwa upole kwamba pengine marais hawaambiwi. Wiki tatu mkuu alipita mbele ya depo bila kusalimu. Wiki ya nne akaingia, akaweka sanduku juu ya meza ya mzee, akasema tu, "Kabichi," akatoka. Nilimuuliza mzee kama hakuogopa. Alisema aliogopa sana, lakini ulimi ulishasema kabla ya kuulizwa.

Mambo yakaanza kuharibika. Reli ya Dilolo, iliyokuwa ikituletea bidhaa kutoka baharini, ilikuwa imeshakufa kwa sababu ya vita vya Angola, na sasa hata ndege ikawa bahati. Mgodi ulianza kunyamaza sehemu baada ya sehemu. Wageni wakaondoka, kwanza wake zao, halafu wao. Mkuu wa wahandisi alifunga sanduku moja la nguo, akaja depo, akampa mzee sanduku la sigari ishirini, bora kuliko zote zilizowahi kupita mikononi mwetu. Mzee akaonja moja siku hiyohiyo. Akaizima kwenye theluthi yake.

"Imelala," akasema. "Lakini mama, siku hii kintu italamuka, batu batasikia. Miaka kumi. Labda zaidi."

Alipanga kulifungua sanduku siku ya kustaafu kwake, awaalike wahandisi wote watakaokuwa wamebaki. Hakustaafu. Ilianza kwa maneno ya redioni, kisha mikutano, kisha vijana wakapita mitaani wakiweka alama za chaki milangoni mwa watu wenye asili ya Kasai, jimbo la jirani, ambao walianza kuitwa wadudu na watu waliokuwa wakiazima chumvi kwao. Mlango wake ukapata alama. Wangu haukupata, maana jina la baba yangu ni la kaskazini ya Katanga. Niliufuta mlango wake kwa kitambaa chenye maji, alama ikarudishwa kesho yake, sikufuta tena. Hilo nalisema wazi kwa kuwa linanisumbua hadi leo. Nilikuwa na watoto na niliogopa.

Nilimkuta stesheni. Familia zilikuwa zimepanga magodoro na masufuria kando ya reli, chini ya mashuka na mabati, zikingoja treni ya kuwapeleka Kasai, ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Watoto walikuwa wakiharisha. Wazee wa kanisa lake walikuwepo karibu wote, wamekaa kwa mstari kama kwenye benchi la Jumapili. Yeye alikuwa amevaa viatu vilivyong'aa. Akanitolea sanduku lililofungwa kwa kitambaa cha meza cha klabu, na juu yake tofali dogo la udongo wa kichuguu alilolichoma mwenyewe, ambalo kwa miaka yote lilikaa ndani ya kabati la sigari likizipa unyevu.

"Hapa jua itaiua, mama. Mu wagon njo mubaya zaidi. Beba. Kila siku ya posho, lowesha tofali na maji ya kuchemsha, iache ipole, rudisha ndani. Njo kazi yote."

"Mpaka lini, tata?"

"Mpaka mi nitarudia. Usiache ikauke. Ikikauka mara moja, hata ukiilowesha tena, itaonekana nzima, lakini itakuwa maiti imevaa suti."

Nikaahidi. Nililia, yeye hakulia. Alikuwa akimwangalia mbwa aliyekuwa akinusa magodoro. Siku tano baadaye treni ikaja, mabehewa ya wazi ya kubebea madini, na stesheni ikabaki na masufuria.

Sasa nifike kwenye ile hofu. Niliitunza ahadi. Siku ya posho, yaani Jumamosi, ilikuwa siku ya tofali. Watoto wangu waliijua kama walivyoijua Jumapili ya kanisa. Nilichemsha maji hata siku ambazo hakukuwa na unga wa kutia ndani yake. Sanduku lilikaa peke yake juu ya kabati, mbali na sabuni, mbali na samaki, na hakuna aliyeruhusiwa kukaanga kitu mlango ukiwa wazi. Jirani zangu walidhani ni dawa ya kienyeji.

Kisha ikaja njaa ya kweli. Kazi haikuwepo, klabu ilikuwa imeng'olewa hadi madirisha. Nikawachukua watoto, tukaenda Sandoa kwa dada yangu kulima muhogo. Nilidhani tutakaa wiki tatu. Nililowesha tofali mara mbili zaidi, nikalifunga sanduku kwa nguo, nikafunga mlango. Tulikaa kiangazi chote. Ningeweza kulibeba. Nilisema litapata vumbi njiani, na ukweli ni kwamba nilikuwa na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, nikachagua sufuria.

Niliporudi niliibonyeza ya kwanza karibu na sikio. Ililia kama majani ya kiangazi. Zote kumi na tisa zililia. Nikaziponya kwa miezi, nikilowesha tofali nusu, nikingoja, nikilowesha tena, hadi zikanyamaza na kurudi zenyewe kidoleni. Kwa macho hakuna ambaye angejua. Sikuthubutu kuwasha hata moja, na sikumwambia mtu.

Miaka ikapita, sikuihesabu. Nikahamia mtaa wa Kasulo, na huko watu wakagundua kobalti chini ya nyumba zao, kila mtu akaanza kuchimba sebuleni kwake. Jirani yangu alikuwa na shimo pale palipokuwa na kitanda. Vumbi liliingia kila mahali, na mimi nikawa nalifunga sanduku kwa nguo tatu.

Asubuhi moja pikipiki ikasimama mbele ya mlango wangu. Mzee mwembamba akashuka, akiwa na fimbo na viatu vilivyong'aa, akatazama kwanza kama kuna mbwa.

"Moyo, mama," akanisalimu kwa lugha ya kwao. Nikamkalisha, nikampa maji, nikawa natafuta maneno ya kawaida. Alisema mkewe alifia huko Kasai, kwa amani, akiwa bado anapika. Alisema amekuja kuona tu, kisha atarudi kwa binti yake. Nikaenda kulileta sanduku.

Akafungua zile nguo tatu moja moja. Akainamisha uso, akauinua.

"Pua yangu ilikufa, mama," akasema. "Homa ilitupata kule mu wagon. Batu bengi balienda nayo. Mi ilichukua pua tu. Tangu ile siku shisikie kintu, hata moshi, hata choo." Akachagua sigari moja, akaibonyeza kutoka mguuni hadi kichwani, sikio likiwa karibu. Ilinyamaza, ikarudi yenyewe. Akatikisa kichwa akiridhika. "Vidole binasema iko muzuri. Onja weye. Uniambie."

Nilifanya yote kama alivyonifundisha. Chai baridi, bukari ya jana. Niliupasha mguu joto kwa mbali. Kiberiti kimoja. Mikono yake ilikuwa juu ya fimbo, macho yake mdomoni kwangu, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayengoja habari za mtoto aliyekuwa safarini. Moshi wa kwanza ulikuja na kitu kidogo kwa mbali, karanga labda. Wa pili ulikuwa karatasi. Wa tatu ulikuwa majani makavu ya porini, hayana jina.

Nilijua neno analolitaka. Mtu huyu alikuwa ameniambia nimependeza ndani ya gauni lile la kijani. Hangejua kamwe.

"Imekufa, tata," nikasema. "Nilienda Sandoa juu ya njaa. Nikaiacha kiangazi muzima. Ilikauka, kisha nikailowesha tena. Ni mi niliiua."

Chini yetu, kwenye shimo la jirani, nyundo ziligonga, zikanyamaza, zikagonga tena. Yeye alikuwa akinitazama. Nikaona mabega yake yakishuka kidogo, na nilidhani ni huzuni.

"Batoto bako?"

"Beko. Bote batatu."

"Basi," akasema. "Mama, kule kwetu kila mutu ananiambia: tata, kila kintu iko muzuri. Chakula muzuri, tata. Afya muzuri, tata. Miaka yote hii hakuna mutu alinionjea kintu." Akanyoosha mkono. "Leta."

Nikampa. Akaiweka mdomoni, akavuta, akatoa moshi asiousikia. Tulizungumza juu ya kabichi, juu ya mzungu wa masharubu, juu ya mkuu na marais wake. Jivu lilisimama refu, jeupe, hata maiti ile ilikuwa imekunjwa na mkono unaojua kazi. Nilikuwa nikiutazama moto ukishuka. Ukafika mwisho wa theluthi ya kwanza, nikasogeza kisahani kwa mazoea ya zamani.

Hakukitazama.

"Tata, umefika," nikamwambia. "Na wazee wa kanisa?"

"Nilibapa ahadi, ni kweli. Bote babakiya mu ile njia ya reli, mama. Tuliwazika pembeni, mumoja mumoja." Akavuta tena, taratibu, macho yamefumba. "Leo shionje. Leo minavuta."

Aliivuta hadi ikamchoma vidole. Alipoondoka, nilichukua kisahani kama nilivyokuwa nikifanya zamani, nitoe kipande cha kulowesha kwa ajili ya kabichi. Kulikuwa na jivu tu.